Boyle alikuwa na haki ya kumuuliza Pascal

Mwaka 1663, mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal akiwa ameshafariki, maandishi yake juu ya vimiminika yalichapwa Paris. Humo yumo mtu aliyekaa futi 20 chini ya maji, ameshika mrija wa kioo: mdomo mmoja uko juu hewani, mwingine umekazwa pajani. Pascal anasema nyama itavimba ndani ya mrija, kwa kuwa maji yanaisukuma kila upande isipokuwa hapo.

Robert Boyle, mwanasayansi aliyekuwa Uingereza, hakupinga hitimisho. Aliuliza mtu huyo alikaaje chini kote huko, na kwa nini Pascal hakusema kama aliwahi kulifanya jaribio lenyewe. Mwaka 1666 akatoa kitabu chake, chenye majaribio ya mirija, maji ya rangi na mafuta ya tapentaini.

Ninalolipenda zaidi ni la bamba la shaba. Liwekwe liuzibe mdomo wa chini wa mrija usio na maji ndani, kisha mrija ushushwe majini. Karibu na juu, bamba linadondoka na kuzama. Kwenye kina cha kutosha linabaki palepale, limebebwa na maji ya chini yake. Boyle alisema hata metali nzito kuliko zote zilizojulikana wakati huo haitazama ikipita kina cha mara 20 ya unene wake, mradi maji ya juu yasiikandamize. Dhahabu ni nzito kama mara 19 kuliko maji, kwa hiyo hesabu inakubali.

Swali lake kwa Pascal linanigusa kwa sababu ya kopo la maji lenye matundu matatu ubavuni, moja juu ya jingine. Darasani kwetu lilichorwa kwa chaki, maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote, nasi tukanakili chini ya kichwa “Tulichokiona”. Hapakuwa na kopo wala tone la maji. Nikapata vema.

Nikiwa mtu mzima nilitoboa chupa ya plastiki, nikaijaza na kuisimamisha sakafuni. Tundu la katikati ndilo lililofika mbali! Maji ya chini hutoka kwa kasi zaidi, maana kanieneo, yaani mgandamizo wa maji, ni kubwa huko, lakini hugusa sakafu mapema mno. Mchoro ule ungekuwa kweli kama kopo lingewekwa juu, tuseme ukingoni mwa meza.

Neno “tuliona” linaniuma hadi leo. Chupa tupu na msumari havikosekani katika shule yoyote ninayoijua.