1905: mzungu alipigika au hakupigika?

Ukimtajia mtu wa sayansi 1905 atakwambia Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa anafanya kazi ofisi ya kusajili uvumbuzi pale Bern, akatoa makala nne fizikia ikapinduka. Sawa, hilo halina ubishi tuliache. Ubishi wangu mi ni mwingine: je huo ndo mwaka wanyonge walijua kwamba mzungu anapigika, au ndo mwaka walioonyeshwa hapigiki?

Wanaosema anapigika wana pa kushika. Mei 27 na 28 Admirali Togo wa Japani aliwazamishia Warusi meli zao kule Tsushima, na zile meli zilitoka Baltiki, kubwa zake zikazunguka Afrika yote, zikakaa Nosy Be pale Madagaska zaidi ya miezi miwili na joto lile, kumbe safari yote hiyo wanafuata kaburi. Huko nyumbani kwao nako hakukaliki, tangu Januari padri Gapon alipowaongoza wafanyakazi kwenda ikulu ya Tsar, mfalme wao, na picha za watakatifu mkononi wakamiminiwa risasi, migomo haikuisha, mpaka Oktoba Tsar mwenyewe akaahidi bunge.

Afu Julai, kwetu sasa, Wamatumbi wa Nandete wakang'oa pamba waliyokuwa wanalimishwa na Wajerumani kwa kiboko, ndo vita vya Maji Maji vikaanza. Hapa ndo watu wanapenda kucheka, eti maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale yageuze risasi kuwa maji. We cheka tu, ila niambie wewe ungewaunganishaje Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga mpaka Wangoni, wengine walikuwa hawaaminiani kabisa, bila redio, bila chama, bila hata lugha moja ya nyumbani? Ile dawa ilifanya kazi ya kadi ya chama miaka 50 kabla ya TANU, mi ndo ninavyoiona.

Haya, sasa njoo kwenye hesabu, maana upande wa pili nao haubahatishi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, vita hata haijachanganya. Agosti 30 watu wakaivamia boma ya Mahenge kwa wingi wao, bombomu, yaani bunduki za rasharasha, zikawafyeka. Na risasi haikuwa mbaya kuliko kilichofuata, Gavana wa Kijerumani von Götzen aliona njia rahisi ni njaa, wakachoma vijiji, ghala, mazao shambani, waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000 na wengi wao hawakuguswa na risasi yoyote, njaa tu. Kule Nandi, Kenya, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani Oktoba 19, ofisa wa Kiingereza Meinertzhagen akamuua hapohapo. Mwaka huohuo Norwei ilijitenga na Uswidi, kwenye kura waliokataa walikuwa 184 tu nchi nzima, wakakaa mezani yakaisha bila damu, yaani meza ya mazungumzo ilikuwepo ila haikuwa ya kila mtu.

Na linaloniuma zaidi ni Japani. Huyu aliyeshangiliwa kwamba kamwangusha mzungu, Novemba 17 tu akaiweka Korea chini yake. Kwahiyo alichojifunza pale Tsushima sio kwamba ubeberu ni mbaya, alijifunza kwamba na yeye anaweza. Bunge la Tsar nalo alilivunja mwaka uliofuata.

Mi naegemea wapi? Kwa mwaka wenyewe, wanyonge walipigwa, tusidanganyane. Ila siwezi kusema ilikuwa bure, maana Wajerumani baada ya hapo waliogopa, gavana aliyefuata, Rechenberg, akalegeza ile pamba ya lazima, na Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa 1956 Maji Maji aliitaja. Shida yangu ni kwamba hayo ya "walitufungulia njia" tunayasema sisi tulioshiba. Aliyekufa njaa Ungoni na watoto wake hakufunguliwa kitu. Sehemu za nchi zilibaki tupu, msitu ukarudi, ndorobo na tembo wakaingia, na baadhi ya hayo maeneo ndo yakaja kuwa pori la akiba la Selous. Mwaka 2019 kipande kikubwa cha pori hilo kikafanywa hifadhi ya taifa, kikapewa jina la Nyerere, na watalii wanalipa dola kwenda kuangalia tembo huko.