Rubani Wetu Alivyotuacha Songwe

Sebuleni kwetu Uyole, Mbeya, kuna kalenda mbili ukutani. Moja ni ya kanisa. Nyingine ni ratiba ya kazi ya kaka yangu, rubani aliye mafunzoni kwenye shirika la ndege ambalo silitaji, kwa sababu bado anahitaji mshahara. Kila ratiba mpya ikitoka, Baba huipeleka stesheneri ikachapwa kwa rangi, kisha anaibandika mwenyewe. Hiyo ndiyo inayotupangia siku ya kuvuna viazi, siku ya kuchinja, na siku ya kwenda Tukuyu kumjulia hali Bibi.

Tatizo ni kwamba ratiba ya rubani mwanafunzi haimfuati yeye, inamfuata mwalimu wake. Kila safari lazima akae na kapteni mkufunzi, na hao ni wachache. Mkufunzi akipata mafua, Kaka analala. Mkufunzi akipatikana Jumamosi, Kaka anaruka Jumamosi, hata kama ukutani kwetu Jumamosi hiyo imepakwa kijani, rangi ya mapumziko, na Baba ameshawaalika watu.

Leseni alikuwa nayo siku nyingi, ila leseni peke yake haikupi usukani wa ndege kubwa. Kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Yeye alipangiwa hizi tunazoziita mapangaboi, zenye panga sita kwenye kila injini, wakampeleka Addis Ababa kwenye simuleta. Simuleta ni mashine ya gharama kubwa, kwa hiyo hailali, na wanafunzi wapya ndio wanaopewa saa ambazo wenye akili zao wamelala. Akawa anaingia saa nane za usiku. Wanaingia wawili kwa saa nne: saa mbili huyu anaendesha na mwenzake anamsaidia, halafu wanabadilishana. Akitoka tu anampigia Mama.

"Mama, leo injini imewaka moto mara tatu, na nimetua salama."

Mama hakusikia neno "salama". Alifunga, akawafungisha na wenzake wa umoja wa wanawake, na Jumapili mchungaji akatangaza maombi maalumu kwa ajili ya kijana wetu ambaye ndege zinamwakia moto Ethiopia. Hadi leo kuna watu Uyole wanaoamini Kaka ameungua mgongoni.

Alipomaliza miezi ya majaribio kazini, tukapata neema ya tiketi za wafanyakazi. Wazazi wanaingia moja kwa moja, na ndugu wengine wana nafasi chache kwa mwaka. Unalipa kama asilimia 10 ya nauli pamoja na kodi. Baba aliposikia asilimia 10 alisimama, akakaa, akasimama tena. Alichokuwa hajasikia ni kwamba tiketi hiyo ni ya stendibai: unapanda iwapo kuna kiti kimebaki baada ya kila aliyelipa kamili kukaa. Na mkiwa stendibai wengi, anatangulia yule ambaye ndugu yake ameajiriwa zamani. Kaka ndiye aliyekuwa mpya kuliko wote. Kwa hiyo mbele yetu alikuwepo mama mkwe wa fundi, shemeji wa mhasibu, na nadhani hata jirani wa mlinzi.

Mimi naona tiketi hizi ni nzuri mno kwa mtu asiye na haraka wala ahadi na mtu yeyote. Sisi tulikuwa tunapeleka posa ya Kaka.

Ukoo wa binti uko Mbagala, Dar es Salaam, na siku waliyotupa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Ukutani Ijumaa na Jumamosi zilikuwa za kijani. Msafara ukawa Baba, Mama, Shangazi, na mimi wa kubeba mizigo. Kaka alipiga simu kutoa masharti: mvae kiheshima, maana mnaliwakilisha shirika. Kandambili hapana, jinzi hapana, jezi ya mpira hapana. Msilalamike kaunta. Na kubwa kuliko yote, msiwaambie abiria wengine mmelipa kiasi gani, kwa sababu mkifanya fujo mimi ndiye ninayenyang'anywa tiketi.

"Umesikia, Shangazi?"

"Nimesikia, baba. Mimi huwa nasema nini?"

Alhamisi usiku akapiga tena. Mkufunzi wake amepatikana Ijumaa, na safari yenyewe ni Dar kwenda Mbeya na kurudi. Baba akafurahi hadi akakosa usingizi. Mwanawe atakuja kumchukua mwenyewe! Akaomba akae chumbani kwa marubani, kwenye kile kiti cha nyuma. Kaka akamjibu kwa adabu kwamba kiti hicho si cha wazee.

Ijumaa asubuhi tulifika uwanja wa ndege wa Songwe, nje ya mji kupita Mbalizi. Baba kava suti na tai, mimi nina koti la kuazima, Mama na Shangazi vitenge vipya, na nyuma yetu mchele wa Kyela, maparachichi, na mkungu wa ndizi wa Tukuyu uliofungwa kwenye kiroba mdomo wake ukichungulia. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi njia ya kurukia haionekani. Tangu uwanja huu uanze kutumika Desemba 2012, nadhani hakuna mtu wa Mbeya ambaye hajawahi kuulaani ukungu wake. Ndege ikabaki Dar ikisubiri.

Katika kungoja huko Shangazi akachoka kunyamaza. Alianza na dada mmoja aliyekaa karibu, kwa sauti ya siri, na siri ya Shangazi inasikika hadi maegesho. Mwanangu ndiye anayeendesha. Sisi tumelipa asilimia 10. Mfanyabiashara mmoja aliyelipa nauli nzima akageuka.

"Mama, asilimia ngapi?"

Ndani ya muda mfupi alikuwa amezungukwa na watu wanaotaka kujua utaratibu, na kijana mmoja anauliza kama Kaka ana dada asiyeolewa. Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

Mchana ukungu ukanyanyuka na pangaboi likatua. Akashuka Kaka kwenye ngazi, shati jeupe, kizibao cha kung'aa, akaanza kuizunguka ndege akiikagua: anainama kwenye tairi, anainua shingo kutazama panga, anamulika tochi chini ya bawa. Baba akagonga kioo kwa pete. Mama akapunga kitenge. Kaka akaendelea kuangalia tairi lile lile kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuliona. Baadaye alisema mkufunzi alikuwa dirishani anamtazama.

Kisha dada wa kaunta akatuita. Alitamka kwa upole uliozoea kutamkwa.

"Wazee wangu, leo hapatakuwa na nafasi."

"Lakini viti naviona vitupu," Baba akasema, bado hajavunja sharti la kutolalamika, ila alikuwa karibu.

Viti vilikuwepo. Uzito ndio haukuwepo. Kwa sababu ya ukungu, ndege ilitoka Dar na mafuta ya kuja, ya kuzunguka ikingoja, na ya kurudi Dar isipoweza kutua. Ukungu ulipoachia, ikatua na mafuta hayo karibu yote tumboni. Na uwanja uko juu, zaidi ya mita 1,300, jua la mchana limeshatoka, hewa ni nyepesi, injini na mabawa havipati nguvu ile ya pwani. Basi kinachopunguzwa ni watu, na wa kwanza kupunguzwa ni stendibai.

"Nani kapiga hizo hesabu?" Baba akauliza.

Dada akasita. "Marubani wenyewe, mzee."

Baba hakujibu. Alitoka nje, akaenda kwenye uzio, na ndege ilipoanza kutembea akanyoosha mkono na kuupungia chini, vile vile anavyosimamisha daladala pale Mafiati. Mlinzi alimsogelea taratibu, akamwambia, "Mzee, hii haina kituo."

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu aliyeachwa na ndege ana pa kukimbilia. Tukarudi hadi stendi ya Nane Nane, tukakata basi kwa nauli kamili. Shangazi alijaribu kumweleza konda kwamba yeye ni shangazi wa rubani. Konda akasema hata yeye ana mjomba mbunge. Zaidi ya kilomita 800 kwa suti na tai. Makambako baridi iliingia kwenye mifupa, na Baba alikataa kuvaa sweta juu ya suti kwa sababu masharti yalisema kiheshima. Mlima Kitonga tuliuteremka usiku wa manane, mkungu ukaponyoka juu ya kichwa cha abiria wa mbele, na ndizi zilizoiva zikamalizia safari kwenye mgongo wa koti langu la kuazima.

Mbagala tulifika saa sita. Wazee wa upande wa binti walikuwa wamekaa, wametulia, na faini ya kuchelewa wameshaiandika. Ilizidi yote tuliyotaka kuokoa kwenye nauli. Tukalipa, barua ikapokelewa, chakula kikaja. Katikati ya pilau baba mkubwa wa binti akauliza, "Na kijana mwenyewe yuko wapi? Si mlisema anaishi hapa hapa Dar?"

Simu ya Mama ikaita. Akaweka spika, kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

"Shikamoo Mama. Niko hapa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Uyole. Mkufunzi alipatikana tena leo, tukaleta ndege, tairi likapata hitilafu, fundi anakuja kesho na tairi jingine. Wametupa hoteli, nikasema nije niwasalimie. Mbona mmefunga geti? Ufunguo uko wapi?"

Mama alifungua pochi na kuutoa. Wote tukautazama, umelala pale kwenye mkeka karibu na kachumbari.

Kukawa kimya, kisha baba mkubwa yule akacheka hadi akapaliwa, na wote wakafuata. Baba akashika kijiko akatazama sahani. Mimi nilikuwa upande wa Shangazi, ndiyo maana nilimsikia shangazi wa binti alipomsogelea na kumnong'oneza.

"Eti wifi, hizo tiketi za asilimia 10, na wakwe wanaingia?"

"Wanaingia, mama," Shangazi akajibu. "Muhimu mvae vizuri."