Kosoko, yaani hakuna jembe

Kuna jina la Kiyoruba ambalo tangu nilipolielewa halijanitoka kichwani: Kosoko. Maana yake ni "hakuna jembe". Ukilisikia juu juu utadhani ni habari za shamba, kumbe jembe linalosemwa ni la kuchimbia kaburi. Mama aliyezika mtoto wa kwanza, akazika na wa pili, akijaliwa mwingine humwita hivyo, kana kwamba anamwambia: safari hii hatuna cha kukuzikia, basi kaa.

Mtoto wa namna hiyo Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria humwita abiku, azaliwaye ili afe. Wazee waliamini ni roho ileile inayokuja na kuondoka, na majina yake ni ya kuibembeleza. Malomo, usiende tena. Banjoko, keti nami. Durojaiye, kaa uyafaidi maisha. Durosinmi, kaa unizike. Hilo la mwisho lisome polepole. Mzazi haombi utajiri wala cheo, anaomba tu kufa kabla ya mwanawe. Na kila anapomwita mtoto aje kula, anaomba upya. Leo wengi wanavihusisha vifo vile na selimundu, lakini ugonjwa kupata jina la hospitali hakuyapunguzii majina haya uzito wake.

Si kwamba majina yao yote yana huzuni. Ayodele ni furaha imefika nyumbani. Abiona ni aliyezaliwa njiani. Babatunde ni baba amerudi, mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu kufariki. Siku ya nane wazee humwonjesha mtoto asali ili maisha yawe matamu, na maji kwa sababu maji hayana adui. Babu, bibi na ndugu kila mmoja humletea jina lake. Wana methali kwamba nyumba ndiyo hutazamwa kwanza, ndipo mtoto apewe jina. Ndiyo maana ukisikia jina linaloanza na Ade, yaani taji, unahisi ukoo wa kifalme, na Ayan ni wa wapiga ngoma.

Mengine mtoto huja nayo mwenyewe. Pacha wa kwanza ni Taiwo, "onja dunia", wa pili Kehinde, na anayewafuata Idowu. Msukuma akisoma hapa atawakumbuka Kulwa, Doto na Shija. Ila kwa Wayoruba Kehinde ndiye mkubwa, ingawa huzaliwa nyuma: yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie kuonja kama dunia inafaa.

Hata hivyo mimi nasimama na majina ya akina Kosoko. Siku hizi wazazi wengi, kule na huku kwetu, wanayakimbia majina ya shida kwa madai kwamba yanamvutia mtoto mikosi. Nawaelewa, lakini naona wanakosea. Jina la namna ile ni ushahidi kwamba kuna mtu aliupigania uhai wako kwa kitu pekee alichobaki nacho, maneno. Kulifuta ni kumnyamazisha mtu huyo.

Shangazi yangu anaitwa Sikudhani. Bibi alikuwa amezika watatu kabla yake, hakudhani huyu angeishi. Shuleni wenzake walimcheka, akajipachika jina jingine, na hata leo majirani wengi hawalijui lile la kwanza. Juzi nilikuwa naye jikoni akichambua mchele, nikamsimulia habari za Kosoko. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Huyo mtoto alipona?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna mwenye jina hilo aliyekuwa mfalme wa Lagos, kuanzia 1845 hadi 1851.