Mipira ya Matone Bila Mita

Yakizungumzwa maji ya kilimo Unguja siku hizi, jawabu huwa moja: umwagiliaji wa matone. Nauunga mkono, ila kwa sharti.

Faida zake ni za kweli. Kwa makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kumwagilia kwa mifereji kuna ufanisi wa asilimia 60 hivi, yaani sehemu ya maji inayoufikia mmea, kwa matone asilimia 90. Anayelima nyanya au pilipili boga za kuuza hotelini hulipia kila pipa la maji, kwa umeme au petroli. Mpira wenye vitundu ukilazwa kando ya mashina, udongo wa katikati ya matuta hubaki mkavu, magugu hupungua, na mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo asubuhi na jioni hupumua.

Lakini wenye shaka nao wana hoja. Mwaka 2017 FAO ilitoa ripoti iliyopitia mifano ya nchi mbalimbali, ikaonesha kuwa vifaa bora mara nyingi havikupunguza maji yanayotumika. Mkulima aliyebakiwa na maji alipanua konde. Tena maji yanayovuja shambani hayapotei yote. Katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe mengi huzama na kurudi kule kule tunakochota, ingawa hurudi na mbolea, na hilo pia ni balaa.

Hapa ndipo penye uzito. Chini ya kisiwa, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu za wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 nyengine za maji matamu chini ya usawa huo. Pampu ikiishusha hiyo mita moja, chumvi hupanda. Na ikishapanda, haimchagui mwenye pampu: jirani anayeteka kwa ndoo naye huinywa.

Mabonde ya mpunga kama Cheju ni suala jengine. Huko kusawazisha majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, na kupeana maji kwa zamu kunafaa kuliko mipira, japo jaruba likikauka palizi huongezeka.

Kwa hiyo ruzuku ya mipira iende pamoja na mita kwenye pampu na kikomo cha kuchota, hasa karibu na pwani. Mkulima mdogo atalalamika kuwa ni gharama nyengine, na ana haki. Basi tuanze na visima vikubwa, vya mashamba na vya hoteli pia, na mita zao zilipiwe na wenyewe.