Maneno ya Kiingereza ya kuchanganyikiwa si visawe, tuache kuyakariri kwa orodha

Kamusi ndogo nyingi za Kiingereza na Kiswahili zikiulizwa maana ya "confused", "puzzled", "perplexed", "baffled" au "bewildered" hujibu jambo lilelile: kuchanganyikiwa. Ukibahatika utaongezewa kushangaa. Mwanafunzi anayachukua yote matano kama visawe, anaambiwa atumie lolote ili insha isirudierudie neno, na mwisho anaandika Kiingereza ambacho msomaji anakielewa lakini kinamkwaruza. Nasema wazi kwamba orodha hizo za visawe zinadhuru kuliko zinavyosaidia. Maneno haya yanatofautiana kwa chanzo: ni kitu gani kimemfikisha mtu hapo alipokwama.

"Confuse" imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumimina pamoja, na bado ndiyo kazi yake. Kuna vitu viwili au zaidi vilivyoingiliana, mtu hawezi kuvitenga: tarehe mbili, majina mawili, mapacha. Kihusishi chake hapo ni "with": "I confuse her with her sister." Ikiwa umekwisha kosea, ukamsalimu mdogo wa mtu ukidhani ni mkubwa wake, Kiingereza kinahama kwenda "mistake" na kihusishi kinageuka kuwa "for": "I mistook her for her sister." Kuvibadilishana vihusishi hivi ni kosa la kawaida sana, na orodha ya visawe haiwezi kulirekebisha kwa sababu haionyeshi sentensi.

"Puzzled" ni mtu mwenye swali ambaye akili yake bado inafanya kazi. Jibu la mwenzake halijamkaa vizuri, analigeuza huku na huku. Kwa hiyo kuna "puzzle over", kulitafakari jambo kwa muda, na "puzzle out", kulifumbua. "Baffled" ni hatua ya mbele yake: amejaribu, ameshindwa. Ndiyo maana vichwa vya habari vya Kiingereza hupenda kusema polisi, madaktari au wanasayansi ni "baffled". Wao ndio waliotarajiwa kujua, na ujuzi wao umegonga mwamba. Katika karne ya 16 neno hilo lilihusu kumfedhehesha hadharani askari wa farasi mwenye cheo aliyevunja kiapo, na harufu ya kushindwa haijalitoka. Mtoto wa darasa la pili aliyekwama kwenye hesabu ya kugawanya anatosha kuitwa "stuck".

"Perplexed" ina jamaa wa kweli katika Kiswahili. Asili yake ya Kilatini ni kusokotana, na sisi tuna tata, tatiza, tatizika, maneno ya uzi uliojifunga. Jambo lina pande nyingi zinazopingana, kila uzi ukiuvuta mwingine unakaza. Mtafsiri anayeandika "alitatizika" hapo amefika karibu zaidi kuliko anayeandika "alichanganyikiwa".

"Bewildered" ya karne ya 17 ilikuwa kupotezwa porini, na hutumika vizuri pale ambapo mambo ni mengi mno kwa mara moja: mgeni kwenye stesheni kubwa, mzee aliyepewa rundo la fomu. Tafuta neno hili likifuatana na wingi, kama "a bewildering number of choices". Likiwa linahusu fumbo moja dogo, huenda mwandishi alitaka "puzzling".

Kundi la mshtuko nalipita haraka. "Dumbfounded" ina neno la ububu ndani yake, na Kiswahili kinaipokea vizuri kwa kupigwa na bumbuazi. "Flabbergasted" ilitajwa kwa maandishi mwaka 1772 kama neno jipya la mtindo, na mpaka leo ni la mazungumzo, lisiingie kwenye ripoti ya kazi. "Bamboozled", ambalo mwandishi Jonathan Swift alililalamikia mwaka 1710, lina udanganyifu ndani yake. Kama hakuna aliyekuzuga kwa namna yoyote, liache. "Discombobulated", yaani kuvurugika, ni la Marekani, la karne ya 19, la utani. Uwanja wa ndege wa Milwaukee umeweka tangu 2008 kibao cha "Recombobulation Area" baada ya ukaguzi wa usalama, mahali pa abiria kurudisha mkanda, viatu na akili zao.

Ukali nao una kanuni. "A bit confused", "slightly puzzled" na "rather perplexed" hukaa vizuri. "Baffled" na "bewildered" hupenda "completely" au "utterly", na "flabbergasted" hutaka "absolutely". Ukiandika "a bit flabbergasted" msomaji atadhani unatania.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la miisho. "I am very confusing" maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayewakanganya watu. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulikosea hili, kwa kuwa lugha yake inatenganisha pande hizo kila siku: kinachokanganya na aliyekanganyika. Kabla ya kuandika, iseme sentensi kwa Kiswahili. Kinachosababisha kipewe "-ing", anayepatwa apewe "-ed". Maelezo ni "confusing", msomaji ni "confused". Kuna tundu moja la kuangalia: "a confused report" ni Kiingereza sahihi, yaani taarifa isiyo na mpangilio, kwa hiyo usiisahihishe ukikutana nayo.

Maneno mawili ningeshauri uyaelewe unapoyasoma lakini usiyaandike. "Nonplussed" ilitoka kwenye maneno ya Kilatini ya "hakuna zaidi", mtu amefika ukingoni hana la kusema. Huko Marekani wengi siku hizi wanaitumia kwa maana iliyo kinyume, yaani mtu ambaye hakutikisika hata kidogo. Sentensi yako itasomwa kwa namna mbili. "Bemused" nayo ni kukanganyika, lakini kwa kufanana na "amused" imeanza kuvaa tabasamu. Na wanaosoma tamthilia za Shakespeare wakumbuke kwamba "amazed" ya enzi hizo mara nyingi ni kuduwaa na kupotewa na mwelekeo. Furaha ya "amazing" ya leo haimo.

Mahali ambapo uchaguzi huu una uzito wa kweli ni hospitalini. Kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, "confused" ni alama 4 kati ya 5 katika sehemu ya usemi: mgonjwa anajibu, lakini hajui yuko wapi au mwaka ni upi. Uingereza, katika NEWS2, mfumo wa mwaka 2017 wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, ambamo alama zikipanda hali ni mbaya zaidi, mkanganyiko mpya peke yake hupewa alama 3, na alama 3 kwenye kipengele kimoja inatosha kuita tathmini ya haraka. Sasa fikiria ndugu anayemkalimania mama yake wodini. Kwa Kiswahili, "mama amechanganyikiwa" yaweza kuwa amevurugwa na habari mbaya, amerukwa na akili, au hatambui alipo. Kalimani akitoa "confused" kwa mama mwenye huzuni tu, anawapa wauguzi dalili ambayo haipo. Akitoa "upset" kwa mama asiyetambua alipo, anaificha dalili iliyopo, na hilo ndilo la hatari zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri, muulize mgonjwa kwa Kiswahili, kwa heshima yake: Mama, hapa tulipo ni wapi? Huu ni mwezi gani? Mimi ni nani wako? Akijibu sawasawa na analia, sema "She is distressed." Akikosea, sema "She is confused," na papo hapo ongeza hali hiyo imeanza lini: "since this morning", au "she has been like this for a year". Muuguzi anahitaji kujua kama mkanganyiko ni mpya. Mweleze pia kwamba maswali umeyauliza kwa Kiswahili, kwani mgonjwa aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua naye huonekana "confused" huku akili yake ni timamu kabisa.