Arusha inahitaji reli ya mjini, na njia yake itengwe sasa

Majuzi kwenye kikao cha mtaa wetu ilizuka hoja ya foleni. Mmoja akataka barabara ipanuliwe tena, mwingine akataka mataa yaongezwe. Mimi nikasema tunahitaji reli nyepesi ya umeme, ya kubeba watu ndani ya jiji. Nikajibiwa, "Hayo ni mambo ya Dar, sisi bado mji mdogo," kikao kikahamia kwenye ada ya taka. Jibu hilo limenikera mpaka leo, maana nimelisikia kwa madereva, kwa viongozi, hata kwa vijana waliosoma.

Mji mdogo upi? Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Arusha lina watu 416,442. Ya 2022 ikakuta 617,631. Hao ni wa jiji peke yake. Wa Usa River, Tengeru, Ngaramtoni na Kisongo wanahesabiwa katika halmashauri nyingine, ila kukipambazuka wote safari yao ni moja, kuja mjini.

Halafu tazameni umbo la mji wenyewe. Kaskazini tumezuiwa na Mlima Meru, kwa hiyo tunajitandaza kwa urefu, mashariki hadi magharibi, na karibu kila mtu lazima aiguse barabara ile ile. Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, zilitusaidia sana, nami nilizishangilia. Barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 nayo imeyaondoa malori mengi katikati ya mji. Lakini nendeni makutano ya Sanawari au soko la Kilombero asubuhi ya siku ya kazi mkaone. Mji ambao watu wake wengi wanasafiri kwenye mstari mmoja ndio hasa mji wa reli.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Nauli yao ni shilingi 200, na konda anajua hesabu yake: kila kiti anachokalia mtoto kimempunguzia hela ya bosi. Kifodi, yaani daladala yetu ya hapa Arusha, kinakuja, konda ananing'inia mlangoni, anaangalia sare kwanza. Kama watoto wako wengi, dereva hasimami kabisa, anakwenda kupakia watu wazima mbele kidogo. Nimemwona binti wa darasa la tatu au la nne, begi limelowa kwa mvua, anakimbilia gari la tatu huku kandambili zimeshikwa mkononi na viatu vya shule vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni visichafuke. Mtoto huyo akichelewa anaadhibiwa. Simlaumu konda sana, naye ana hesabu ya jioni ya kupeleka. Naulaumu mpango unaomfanya mtoto awe hasara. Treni inayobeba mamia kwa safari moja haina sababu ya kuchagua abiria.

Na sisi hatuanzi kwenye pori. Reli imefika Arusha tangu 1929, ikitokea Moshi, inapita kusini mwa barabara kuu. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi hapa Oktoba 2020 baada ya miaka kama 30 ya ukimya, na watu walijaa stesheni kuipokea. Lakini saa nyingi za siku reli hiyo haina kitu juu yake, wakati sambamba nayo watu wamebanana barabarani. Dar walianza treni ya mjini Oktoba 2012, ile iliyopewa jina la Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, juu ya reli za zamani hizo hizo. Kwa nini sisi tusianze Usa River hadi stesheni ya Arusha kwa njia hiyo, huku tukijiandaa kwa umeme? Treni za umeme tayari zinakwenda Dodoma tangu 2024. Mafundi tunao, na madereva wa treni hizo tunao.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni ardhi. Muriet, Olmoti na Kisongo viwanja vinakatwa kila siku. Mtu anauza ng'ombe, anakopa kwenye kikoba, anajenga vyumba viwili, na baada ya miaka kumi anakuta X nyekundu ukutani. Tuliyaona ya Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, nyumba za watu zikishushwa kupisha barabara. Ukanda wa reli ukitengwa leo, mawe ya mipaka yakaonekana, hakuna atakayejenga juu yake akidhani ni pake. Tukingoja tuwe "mji mkubwa", tutalipa fidia inayozidi gharama ya reli yenyewe, au hatutalipa na watu watalia.

Najua mtanitajia Addis Ababa. Reli yao ilifunguliwa 2015 kwa dola milioni 475, na baadaye treni nyingi zikaegeshwa kwa kukosa vipuri. Ni kweli, na inauma. Lakini kilichowaangusha ni matengenezo, na hilo linaandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza: vipuri, mafunzo, karakana hapa hapa.

Wenye vifodi hawatakufa njaa. Moshono, Njiro na Kwa Mrombo watu bado watahitaji gari la kuwafikisha kituoni.

Uwanja wa AFCON 2027 umewekwa Olmoti, wa watu kama 30,000, na siku za mechi wote watategemea barabara. Kwa mashindano hayo reli haitawahi. Kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza sasa, inaweza kuwahi. Kwa hiyo diwani akija kuniomba kura nitamtandikia ramani ya Mpango Kabambe wa jiji, ule unaopanga matumizi ya ardhi, mezani anionyeshe kwa kidole: mstari wa reli unapita wapi, upana wake mita ngapi, na mawe ya mipaka yanawekwa lini.