Ya Hamburg ikeshe, ya Tanga izimwe

Huku Ujerumani baadhi ya wapenzi wa muziki wana mazoea ya kuiacha amplifaya ikikesha. Huwashwa siku inayonunuliwa, na swichi yake haiguswi tena mpaka siku ya kuhama nyumba. Ukiwauliza watakupa sababu mbili: sauti hutulia chombo kikiwa na joto, na kinachoua vifaa ni kuwasha na kuzima, si kufanya kazi. Ndugu zetu walioko nyumbani wanayasoma hayo kwenye simu, na wengine wetu ndio tunaowapelekea, pamoja na mashine zenyewe ndani ya kontena. Mimi naona ushauri huo ukifika mitaa ya Tanga, Ngamiani au Raskazone, unageuka hasara. Wajerumani hawajakosea. Wako sahihi kwa umeme wao na kwa nyumba zao.

Hoja ya joto ina ukweli wake. Transista za kutoa nguvu zina mkondo mdogo unaopita ndani yake hata pasipo muziki, na mkondo huo hautulii mpaka mapezi ya alumini yanayozipoza yapate moto. Hiyo ni kazi ya dakika 20 hadi 30. Anayedai siku mbili anatia chumvi. Tena Tanga chumba kinakuwa na nyuzi 30 kabla hujagusa kitu, kwa hiyo safari ni fupi zaidi. Washa, kateleke chai, ukirudi mashine iko tayari.

Hoja ya kuwasha na kuzima nayo si uzushi. Swichi ikibonyezwa, transfoma na kapasita kubwa (vihifadhi umeme) zilizo tupu huvuta mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtengenezaji anayejua kazi huweka thamista ya kuupunguza, pamoja na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayochelewa kuziunganisha spika kwa sekunde kadhaa ili zisipigwe kishindo. Sasa tazama tofauti. Ujerumani, kwa wastani, mteja hukosa umeme kwa muda usiofika dakika 15 kwa mwaka mzima. Kwetu, amplifaya inayokesha haiepuki kuwashwa na kuzimwa. Inawashwa na gridi, saa isiyojulikana, hakuna mtu karibu.

Na hapo ndipo mafundi wa redio wanapopatia riziki. Umeme unaporudi, friji na feni za mtaa mzima huanza kwa pamoja, volti zinashuka, kisha zinaruka. Mara nyingi umeme huja, ukaondoka, ukaja tena ndani ya sekunde kumi. Thamista hufanya kazi ikiwa ya baridi tu. Ikishapata moto upinzani wake huwa mdogo sana, na inahitaji dakika moja au mbili ipoe. Umeme ukirudi kabla haijapoa, ni kama haipo: fyuzi inakatika, au dayodi za kunyoosha umeme zinaungua. Kisha anatokea mtu anabandika uzi wa waya mahali pa fyuzi, na safari ya pili inaungua transfoma.

Jambo la tatu ni kapasita zenyewe, na hili wengi hawalipigii hesabu. Zile zenye majimaji ndani, umri wake hutegemea joto: kila nyuzi 10 zikipanda, umri unapungua nusu. Chukua kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85. Ndani ya mashine yenye nyuzi 45, huo ni umri wa takriban saa 32,000. Ndani ya nyuzi 55, unabaki saa 16,000. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 ndiyo tofauti ya sebule ya Hamburg na sebule ya Chumbageni. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mashine inayokesha Tanga inazimaliza saa 16,000 katika miaka miwili isiyotimia. Ikiwashwa saa nne kwa siku, ni karibu miaka 11. Haimaanishi itakufa siku hiyo, ila mlio wa chini unaokoroma kwenye spika huanzia hapo.

Halafu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Amplifaya ya kawaida yenye transfoma nzito, ikiwa imewashwa na haipigi kitu, hula wati 30 hadi 60. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2, yaani 36 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa shilingi 100 kila moja kabla ya tozo, inakuwa imeshaliwa karibu nusu ya mgao wake na chombo kilichonyamaza. Na kila uniti inayovuka 75 ni shilingi 350. Aliye kwenye bei ya kawaida ya shilingi 292 anatoa zaidi ya 10,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Zile za muundo uitwao daraja A (Class A), zinazochoma wati 200 hata kimya, sizitaji hata. Huku nako hesabu ni kubwa, euro 153 kwa mwaka ukilipa senti 35 kwa uniti, lakini wakati wa baridi joto lile linasaidia kupasha nyumba. Tanga unalipia joto, kisha unalipia feni ya kulifukuza.

Kipimo hakihitaji kifaa. Mita ya LUKU ina kitaa kinachomemetuka, na pembeni pameandikwa mimemetuko mingapi ni uniti moja. Tuseme ni 1,000. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa amplifaya, volyumu sifuri, hesabu mimemetuko kwa dakika sita, zidisha kwa kumi. Hizo ndizo wati zako.

Wanaopenda mashine ikeshe wana hoja moja nzito kwetu kuliko kwao wenyewe, nayo ni unyevu. Nyumba ya huku wakati wa baridi ina hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Raskazone hewa imebeba chumvi, na mashine inayolala imezimwa miezi mitatu huota kutu ya kijani kwenye vishikio vya waya, rilei inapoteza mguso, upande mmoja wa spika unanyamaza. Joto hukausha, hilo kweli. Lakini saa moja, mara mbili kwa wiki, inatosha. Volyumu ikianza kukwaruza, puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme kisha zungusha kitasa mara ishirini huku mashine imechomolewa; usitumie mafuta ya kufuli, huacha utando unaokusanya vumbi. Na joto la kukesha linaalika wengine: mende na mijusi hupenda kulala juu ya transfoma. Kipande cha wavu wa dirisha, kikiwekwa sentimita moja nje ya matundu, huwazuia bila kuziba hewa. Acha nafasi ya sentimita 10 juu, na kitambaa cha kufuma kiondolewe kabla ya kuwasha, hata kama mama mwenye nyumba atanuna.

Kwa hiyo kuzima kwenyewe: teremsha volyumu, zima amplifaya kwanza, vinavyoilisha baadaye. Kuwasha ni kinyume chake. Kitufe cha rimoti peke yake hakitoshi, kwa maana mashine nyingi za zamani huacha transfoma ndani ya umeme. Swichi ya soketi nayo mara nyingi hukata waya mmoja tu, kwa hiyo masika ikianza kunguruma chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa ungo kwenye king'amuzi. Radi huingia kwa huko ikapita kwenye waya za sauti. Kinga ya umeme inunuliwe ile inayokata umeme mdogo na mkubwa, yenye kuchelewa dakika chache umeme unaporudi. Nyingine zinalinda upande mmoja tu, soma lebo.

Spika ndogo za kisasa za daraja D (Class D), zinazokula nusu wati zikilala, ziacheni tu siku za kawaida. Msikitini, kuwasha mara tano kwa siku si kosa, ingawa swichi ya kuhimili mara 10,000 itachakaa kwa miaka mitano na nusu. Heri iwashwe Magharibi ipite moja kwa moja hadi Isha, izimwe.

Na sisi tunaopakia makontena: mashine ya zamani iliyoandikwa volti 220 itapata moto zaidi kwa umeme wa 230 na kupanda, na ya Japani ya volti 100 inataka transfoma ya kushusha hadi 100 hasa, si 110. Iliyokaa stoo miaka iwashwe mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano kwenye njia ya umeme, kama ina transfoma: balbu ikiwaka kisha ikafifia, salama, ikibaki kung'aa, kuna shoti. Bandikeni karatasi nyuma yenye volti na wati za kukaa kimya, na ndani ya boksi tieni fyuzi kumi za akiba za ampea ileile, zenye herufi T, yaani za kuchelewa kukatika.